Duara Kwenye Jina la Nusu

Kona ya nyumba ya wasomi ina benchi moja, na benchi hilo lina wenyewe. Liko chini ya mipoplari, miti mirefu inayomwaga manyoya meupe kama pamba, kando ya mfereji wa maji ya theluji, hatua kumi kutoka kwenye mapipa mawili ya Mama Pipa: moja la maksimu, ule uji wa shayiri uliochachuka unaokata kiu na kulegeza ulimi, na jingine la chai baridi ambalo hakuna mwanamume wa benchi aliyewahi kuligusa. Jumatano ile ya Juni pamba ya mipoplari ilikuwa inaanguka kila mahali, vikombeni, kofiani, puani, na watu walikuwa wameshachoka kupigana nayo. Saa nane mchana benchi lilikuwa na watu watatu na nafasi moja tupu. Nafasi hiyo ilikuwa ya Dooronbek, anayeitwa Nusu, na jana yake Akademia ya Sayansi ilikuwa imemnyima kiti kwa kura moja.

Jina la Nusu halikuwa tusi. Katika Akademia kuna wajumbe kamili na kuna wajumbe washiriki, na mjumbe mshiriki ni mtu ambaye wenzake wamekubali kwamba ni msomi ila hawajakubali kabisa. Dooronbek, mpimaji wa barafu za milimani, alikuwa mshiriki kwa miaka kumi na tisa. Viti vya ukamilifu vinahesabika, na kiti hakifunguki mpaka aliyekikalia afe. Idara ya sayansi za ardhi ina viti vitano, na wazee wa idara hiyo, kwa sababu ya kupanda milima ujanani, hawafi hovyo. Mwezi wa pili mzee Asankul, mtu wa mawe, alifariki, Mungu amrehemu. Mtaa mzima ulilia, kisha ukamtazama Dooronbek.

— Kumi na saba ndiyo, tisa hapana, moja imeharibika, alisema Breki. Walitaka kumi na nane. Kumi na nane, jamani! Mimi kumi na nane nilikuwa nawapata kituo cha kwanza tu, kabla sijafunga mlango.

Breki ni Sheraly, dereva mstaafu wa basi la umeme. Ndani ya Akademia hajawahi kuingia, lakini njia yake ilipita mbele ya lango lake kwa miaka thelathini, na hilo yeye alilihesabu kuwa elimu.

— Hao tisa si tatizo, alisema Waziri. Anayekukata kwa mstari ulionyooka ni adui wa heshima. Huyo mmoja aliyeharibu ndiye nyoka.

Waziri naye hakuwa waziri. Alitundika makoti ya mawaziri kwa miaka ishirini na miwili, na anadai kwamba ukishika koti la mtu unajua anachowaza. Hakuna aliyeweza kumbishia kwa sababu hakuna mwingine aliyeyashika.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Breki.

Wote walimgeukia. Breki ana methali nyingi na hakuna inayokaa mahali pake. Majuzi tu alimfariji mjane wa ghorofa ya pili kwa kumwambia mgeni njoo mwenyeji apone. Hii ilikuwa ya kwanza tangu majira ya baridi kuangukia panapostahili, na ilimwangukia mtu wa tatu kwenye benchi, mzee Ishenaly. Maksimu ilimpalia.

— Pole, mzee wangu, alisema Mama Pipa kutoka chini ya mwavuli wake. Ni hii pamba.

Haikuwa pamba. Ishenaly alikuwa na miaka themanini na moja, mjumbe kamili wa Akademia kwa upande wa udongo, na kati ya wote waliokuwa pale ni yeye peke yake aliyewahi kupiga kura katika ukumbi ule. Alikuwa pia mtu pekee aliyejua nani kaiharibu kura ile. Ni yeye mwenyewe.

Kura ya Akademia haifanani na kura ya wabunge. Karatasi ina jina moja. Humtaki mtu, unalikata jina lake. Unamtaka, huligusi, unakunja karatasi, unaitumbukiza, basi. Alama nyingine yoyote inaiua kura. Mtoto wa chekechea angeweza. Lakini Ishenaly alikuwa ameishi miaka hamsini na minne na daftari la udongo mkononi, na katika daftari la mtu wa udongo, shimo lililotoa udongo mzuri huzungushiwa duara, maana yake hapa ndipo, rudi hapa. Alipoliona jina la Dooronbek limechapwa peke yake katikati ya karatasi nyeupe, baada ya miaka kumi na tisa, machozi yalimlengalenga na mkono ukafanya kazi uliyoizoea. Ukalizungushia duara. Kisha, wahesabuji wasije wakakosea, ukalizungushia la pili. Alitoka kwenye kibanda cha kura akiwa na furaha ya bwana harusi. Mwenyekiti wa kamati ya kuhesabu aliposoma "moja imeharibika", ndipo alipojua alichofanya.

Leo alikuwa ameshuka na nia moja tu, kusema. Ila benchi lile halimpi mtu nafasi ya kusema.

— Nina jambo kuhusu hiyo kura, alianza.

— Tunajua, mzee wangu, tunajua inavyokuuma, alisema Breki akimpigapiga mgongoni. Wewe ndiye rafiki yake wa kufa na kuzikana. Tulia. Huyo mtu tutamtafuta mpaka tumpate.

— Kwani nimesema atafutwe?

— Hujasema, lakini uso wako unasema.

Waziri alikohoa kikohozi cha mtu mwenye siri, akasubiri aombwe. Hakuna aliyemwomba, akaitoa hivyohivyo.

— Shemeji yangu anapika chai pale kamati. Karatasi kaiona kwa macho yake. Haikukatwa, haikuchanwa. Jina limezungushiwa duara. Maduara mawili.

— Duara! alisema Mama Pipa.

— Mawili, alisema Waziri.

Ishenaly alitazama maji ya mfereji yakibeba pamba kuelekea mjini, akatamani yambebe na yeye.

— Sifuri hiyo, alisema Breki. Kamwita sifuri.

— Sifuri moja ingetosha, alisema Waziri. Mbili za nini?

— Moja yake, moja ya barafu yake. Barafu zinakwisha, siyo? Anamwambia: wewe sifuri, na barafu yako sifuri.

— Acha zako, alisema Waziri. Duara ndani ya duara ni shabaha. Nimefanya kazi na wanajeshi, mimi.

— Ulitundika makoti yao.

— Nilitundika makoti yao, na mfukoni kulikuwa na mengi. Hiyo ni shabaha, bwana. Nusu amelengwa.

— Mnasumbuka bure, alisema Mama Pipa, ambaye ana watoto sita na haogopi mwanamume wa umri wowote. Hilo ni jicho. Mtu kamwekea Nusu jicho baya mbele za watu, na nyie mmekaa hapa mnahesabu sifuri. Na msinidanganye kwamba huko wanapiga kura waume. Wale wazee asubuhi wanavalishwa tai na wake zao. Mtu asiyejua kufunga tai yake, kura yake imeamuliwa na nani?

— Mke wangu alifariki, Uulkan, alisema Ishenaly, akimwita Mama Pipa kwa jina lake.

— Wewe sikuhesabu, mzee wangu. Wewe tai yako hukaa upande kila siku.

Breki alikuwa hasikilizi. Alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, mkao anaoushika nadharia inapomjia.

— Nyie, niambieni. Nusu akiwa kamili, barafu zingepimwa na mtu kamili. Zikipimwa na mtu kamili, zinaandikwa kwenye kitabu cha Akademia. Zikiandikwa, haziwezi kuibiwa. Mmenielewa?

— Nani ataiba barafu, Breki?

— Wanaokaa bondeni! Maji yote ni ya nani? Sasa mtu wa nje anataka kujua kama bado tuna mtu wa kuzilinda. Anatuma ujumbe. Ndani ya Akademia kuna mtu wake. Mtu wake anajibu kwa duara. Duara ni bwawa, bwana. Maduara mawili, mabwawa mawili. Wahenga hawakukosea: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Hapo mwana ni nani?

— Barafu.

Hata Waziri alilazimika kufikiri kidogo. Lakini mtu aliyeshika makoti ya mawaziri hawezi kuachwa nyuma na dereva.

— Mimi nilikuwa sitaki kusema, alisema kwa sauti ya chini. Wapiga kura ishirini na saba. Mmewahesabu? Akademia ina viti ishirini na wanane vya kamili. Wawili wako hospitali. Asankul kafa. Ishirini na nane utoe watatu?

— Ishirini na tano, alisema Mama Pipa.

— Na kura ni ishirini na saba. Basi nani walipiga hizo mbili?

— Wale wa hospitali walikuja, alisema Ishenaly. Mmoja kwa kiti cha magurudumu, mwingine kwa machela. Niliwaona.

— Unaona! Huyo wa machela uliuona uso wake?

— Nilimsalimia.

— Alikujibu?

— Alikuwa na bomba mdomoni.

Waziri aliegemea nyuma, amemaliza kesi.

— Ni Asankul, alinong'ona Breki. Kakataa kukiachia kiti chake.

— Astaghafirullah! Tulimzika Asankul! Ishenaly alisema. Mimi mwenyewe nilishika miguu!

— Uliona sanda, mzee wangu, alisema Breki. Mimi sisemi kitu. Nasema tu uliona sanda.

Ishenaly alifungua mdomo ili aseme sasa hivi, kwa pumzi moja, kabla marehemu hajafufuliwa kabisa. Ndipo akatokea kwenye kona mzee Temirkan, mtu wa mimea, mjumbe kamili wa idara ya biolojia, na mfuko wa aprikoti mkononi.

— Huyo! alisema Waziri akiwa ameuma meno. Asankul wapi! Huyo hapo. Mwaka jana alisimama ukumbini akasema barafu zimepewa maneno mengi na misitu ya jozi haina msemaji. Nilishasahau!

— Ndiye, alisema Breki, ambaye dakika moja nyuma alikuwa na bwawa, kisha na maiti.

Temirkan alifika mbele ya benchi, akaweka mkono kifuani.

— Salaam aleikum, jirani zangu.

Hakuna aliyejibu. Breki alitazama juu ya mti. Waziri alikung'uta pamba kwenye goti ambalo halikuwa na pamba. Mama Pipa alifunga koki ya pipa ambayo ilikuwa imefungwa. Na Ishenaly, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumnyima Mwislamu salaam, alikuwa na jibu kwenye ulimi na ulimi ukagoma, kwa sababu aliona akifungua mdomo lingetoka jingine. Temirkan alisimama kidogo, akatazama uso mmoja mmoja, akaondoka na aprikoti zake. Alitembea taratibu zaidi kuliko alivyokuja. Ishenaly alijichukia kwa namna ambayo hakuwa ameifikia hata jana.

— Kaipata, alisema Breki.

— Kafanya nini yule? aliuliza Ishenaly kwa sauti iliyopanda. Mna ushahidi gani? Mimi nawaambia si yeye!

— Una moyo mzuri mno, mzee wangu. Ndiyo maana watu wanakupita.

Mlango wa nyumba ya wasomi ulifunguka, akatoka Dooronbek. Alikuwa amevaa koti la safari katika joto lile, na mkononi ana sanduku. Nyuma yake alikuja mwanamke kijana na jagi tupu, Aizirek, muuguzi aliyehamia ghorofa ya tatu Jumatatu. Alikuwa amemshikia mzee mlango. Mwanamke alikwenda kwa Mama Pipa kununua maksimu. Dooronbek alikuja hadi kwenye benchi, hakuketi.

— Nimekuja kuaga, alisema. Binti yangu ananifuata na gari. Nakwenda kukaa naye kule ziwani.

— Kwa wiki ngapi? aliuliza Breki.

— Nakwenda kukaa, Sheraly.

Hakumwita Breki. Ndipo wote walipojua si mzaha.

— Na barafu? aliuliza Ishenaly.

— Ufunguo wa kituo nimewaachia vijana wa taasisi. Ikitaka kuyeyuka iyeyuke bila mimi. Aliweka sanduku chini, akavuta pumzi. Sikilizeni. Mimi si mtoto. Wale tisa siwalaumu, kila mtu na lake, pengine wana haki. Lakini huyo mmoja nimeambiwa kalichora jina langu. Hakulikata. Kalichora, kama mtoto anavyomchora mwalimu ubaoni. Kaingia kibandani, kashika kalamu, kakaa kunicheka. Miaka kumi na tisa nimewavumilia, na mtu ameona hiyo ni ya kuchezea. Siwezi tena kupita kwenye lango lile nikijua mmoja wao anacheka.

— Tunamjua! alisema Waziri. Ni Temirkan. Tumemnyima salaam hapa hapa.

— Temirkan? Dooronbek alikunja uso. Temirkan ndiye aliyeniandikia barua ya kunipendekeza.

Breki na Waziri walitazamana.

— Hiyo ndiyo janja yake, alisema Breki, lakini bila nguvu.

— Basi kama Temirkan naye, alisema Dooronbek polepole, nafanya vizuri kwenda.

Ishenaly alisimama. Alitaka kusema akiwa amesimama, kwa adabu. Maneno yalikuwa yamepangwa tangu asubuhi: rafiki yangu, nimekukosea. Akaona macho ya Dooronbek, mekundu, na maneno yote yakamkimbia. Alibaki amesimama na kikombe, mzee mrefu mwenye tai upande.

Aizirek alikuwa amejaziwa jagi lake, na pamoja na maksimu Mama Pipa alikuwa amempa na habari ya maduara mawili. Alisogea na kusimama pembeni, kama anavyosimama mgeni asiyejua kama anaruhusiwa.

— Samahanini, wazee wangu. Mimi sijui mambo ya Akademia. Nataka kuuliza tu. Nyie mkiwa na orodha, mkaona kitu mnachokitaka, mnakiwekea alama gani?

Swali lilikuwa dogo kiasi kwamba Breki alitaka kulijibu palepale. Alifungua mdomo, kisha jicho lake likaangukia gazeti lililokunjwa kwenye goti la Waziri, kwenye ukurasa wa vipindi vya televisheni. Mieleka, saa moja jioni, ilikuwa imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Waziri alikiona alichokiona Breki. Alilikunja gazeti, akalikalia.

— Ni mimi, alisema Ishenaly.

— Wewe nini? aliuliza Breki.

— Nyamaza, Breki, alisema Mama Pipa.

— Ni mimi niliyelizungushia. Kwenye daftari langu shimo zuri nalizungushia duara. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Nililiona jina lako pale, Dooronbek, peke yake, na mkono ukaenda. Nimekunyang'anya kiti chako kwa mkono wangu.

Dooronbek hakusogea.

— Mara mbili? aliuliza.

— Mara mbili. Ili lionekane.

— Maelekezo si yalisomwa? Yalisomwa kwa sauti. Mimi niliyasikia kutoka nyuma kabisa.

— Yalisomwa.

— Ulikuwa wapi?

— Nilikuwa nakutazama wewe. Ulikuwa umekaa na mikono magotini, na viatu vipya. Sikusikia kitu.

— Miaka kumi na tisa, Ishenaly.

— Najua.

— Hujui. Wewe ulipata kwa miaka minne.

— Basi sijui, alisema Ishenaly, na machozi yakamtoka mbele za watu, naye hakuyafuta.

Aizirek alitaka kuondoka na hakujua ageuke upande gani. Mama Pipa alimshika mkono, akamweka chini ya mwavuli, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba bado kuna yule mzee wa watu waliyemnyima salaam, na kwamba kabla ya magharibi wote wanne watapanda ngazi hadi mlangoni kwake, na Breki ndiye atakayebisha hodi.

Breki alisikia, akaona bora atafute jambo la kumfurahisha mtu.

— Usikate tamaa, Nusu. Mambo hayajaisha. Kiti kingine kitafunguka. Hebu tuhesabu. Idara yenu nani wapo? Wa matetemeko ana sitini na tisa, huyo bado. Wa maji sabini na mbili, lakini anaogelea kila asubuhi, mshenzi yule. Wa madini ini lake limepona. Sasa mkubwa wao anabaki...

Akakoma. Katika miaka yote ya benchi hakuna aliyewahi kumwona Breki akikoma.

— Ni mimi, alisema Ishenaly. Themanini na moja, na daktari hausifii moyo wangu. Usiende ziwani, ndugu yangu. Hutangoja sana.

Hakusema kwa uchungu wala kwa kujihurumia. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake shamba lilipo. Kule barabarani gari dogo jeupe lilisimama na kupiga honi, na binti wa Dooronbek akachomoza kichwa dirishani akimpungia baba yake. Dooronbek alimtazama binti yake, akamtazama Ishenaly, akainama kulishika sanduku. Akalisukuma chini ya benchi.

— Kiti hicho sikitaki, alisema. Sogea nikae.